Meza ya Bolti na Uongo Niliouweka Kwa Kompyuta

Leo sina video. Hii ni ya kusoma, na ni ndefu kidogo, kwa hivyo tafuta mahali pa kukaa.

Mnanijua kwa stori za historia za dakika moja. Hii imekataa kuingia kwa dakika moja, kwa sababu na mimi niko ndani. Ni stori ya meza ya chuma ambayo familia za Uingereza zilijifungia kwa bolti sebuleni mwaka wa 1941 ili zisiuawe na mabomu. Na ni stori ya steji moja ya chuma hapa kwetu ambayo mimi niliipigia hesabu, na ikalala chini. Zote mbili zinategemea swali moja dogo sana: pale chuma kinapofungwa na chuma kingine kwa bolti, pamekaza au panacheza?

Wacha nianze na aibu yangu ndio tusonge.

Wale wageni hamjui, mimi niliacha chuo mwaka wa tatu. Nilikuwa nasomea uhandisi wa ujenzi. Karo ilikataa, nikarudi mtaani, nikaanza hizi kazi za kutengeneza video. Lakini video hazilipi nyumba kila mwezi, kwa hivyo wikendi nilikuwa naenda na kikosi fulani cha kusimamisha steji. Zile fremu za chuma unaziona kwa tamasha, kwa krusedi, kwa mikutano ya siasa. Ijumaa tunafunga, Jumatatu tunafungua, tunapakia kwa lori, wiki ijayo tuko uwanja mwingine. Chuma ni kile kile, bolti ni zile zile.

Mwenye kazi alikuwa anajua nilifika mwaka wa tatu. Siku moja akaniambia, "Wewe si ulisomea haya mambo? Nitengenezee ile ya kompyuta, wateja waone tuko serious." Elfu tano mkononi. Nikafungua programu niliyokuwa nayo tangu chuo, nikachora nguzo, nikachora boriti, nikaweka uzito wa spika na taa. Halafu nikafika kwa viungio.

Hapa ndipo naomba unisikize vizuri. Kwa programu kama hizo, boriti ikikutana na nguzo, unaulizwa kitu kimoja. Je, kiungio hiki ni bawaba, yaani boriti inaweza kuzunguka pale kama mlango? Ama kimekazwa kabisa, yaani nguzo na boriti ni kama kipande kimoja kilichomiminwa pamoja? Programu yangu, usipogusa chochote, inachukulia kila mahali pamekazwa kabisa. Mimi sikugusa. Nikabonyeza, ikahesabu, kila kitu kikatoka kijani. Nikaprinti kwa rangi. Mwenye kazi akaiweka kwa folda ya plastiki, na kila mteja akionyeshwa anatingisha kichwa.

Kwa karatasi yangu, kila kiungio kilikuwa na bolti nne. Kwa ground, bolti hupotea. Zinaanguka kwa nyasi usiku, zinabaki kwa lori, nyuzi zinaisha. Jumamosi hiyo viungio kadhaa vilikuwa na mbili mbili. Tukaambiwa zingine zitaongezwa baadaye. Jioni vijana wa sauti walipopanda kufunga spika, fremu ilianza kuegemea upande mmoja. Haikuanguka ghafla. Ilienda polepole, halafu haikurudi. Wengi waliruka. Mwenzangu mmoja alikuwa chini ya boriti, akavunjika mkono mahali pawili.

Hakuna mtu aliniuliza kuhusu ile karatasi. Hakuna hata mmoja. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi, kwa sababu mimi nilijua.

Wiki iliyofuata nikaenda kwa mzee mmoja fundi wa chuma kule Kariobangi, mtu ambaye amefunga na kufungua fremu kabla mimi sijazaliwa. Nikamweleza yote. Akaendelea na kazi yake kidogo, halafu akaniuliza, "Kijana, hiyo karatasi yako ilijua bolti ziko ngapi?"

Nikasema, "Hapana, mzee."

"Basi hiyo ilikuwa karatasi ya steji nyingine."

Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma. Nilitaka kujua kama ni mimi tu mjinga, ama hili swali la kiungio lina wenyewe. Kumbe lina wenyewe, na limewasumbua watu wenye akili sana kwa zaidi ya miaka mia moja.

Twende nyuma. Kufunga jengo ukijua utalifungua si wazo jipya. Mwaka wa 1841 fundi Mwingereza anaitwa Joseph Whitworth alipendekeza kitu tunachokiona cha kawaida leo: nyuzi za bolti ziwe za kipimo kimoja nchi nzima. Kabla ya hapo kila karakana ilikata nyuzi zake. Nati ya kwangu haikuingia kwa bolti yako. Sasa fikiria kufungua jengo London na kulifunga mahali pengine na kila nati ina bolti yake moja tu duniani.

Miaka kumi baadaye, 1851, London ikapata Crystal Palace. Ni jumba la chuma na vioo la maonyesho, lililowazwa na Joseph Paxton, ambaye kazi yake ilikuwa ya bustani. Lilikuwa na urefu wa zaidi ya nusu kilomita, limetengenezwa kwa vipande vinavyofanana, na lilisimamishwa kwa miezi tu kwenye bustani ya Hyde Park. Maonyesho yalipokwisha, walilifungua, wakalihamisha hadi Sydenham, kusini mwa London, likafunguliwa upya mwaka wa 1854, kubwa kuliko la kwanza. Lilikaa huko mpaka moto ulipolimaliza mwaka wa 1936.

Sasa cheki vile walivyohakikisha litasimama. Hawakuwa na kompyuta. Boriti za chuma zilijaribiwa kwa mashine ya kukandamiza palepale uwanjani kabla ya kupandishwa. Na sakafu za juu walizijaribu kwa watu: wafanyakazi wakaruka ruka juu yake, halafu wanajeshi wakapiga gwaride juu yake. Yaani hawakuamini karatasi peke yake. Walienda kuuliza chuma chenyewe.

Baadaye dunia ikapenda ribiti. Mnara wa Eiffel wa mwaka wa 1889 una karibu ribiti milioni mbili na nusu. Ribiti inapigwa ikiwa moto, ikipoa inajivuta, inabana vyuma viwili pamoja na kujaza tundu. Ni nzuri, inakaza. Lakini ukitaka kufungua, unakata. Ajabu ni kwamba mnara huo ulipewa ruhusa ya miaka 20 tu, halafu ungeshushwa. Uko hapo hadi leo.

Wakati huo wahandisi walikuwa na shida yangu, ila wao walihesabu kwa kalamu. Ukisema kila kiungio kimekazwa kabisa, kila boriti inaanza kusukumana na kila nguzo, na unabaki na milinganyo mingi ya kutatua kwa mkono. Ukisema kila kiungio ni bawaba, boriti moja unaihesabu peke yake kwa nusu ukurasa. Kwa hivyo kwa boriti nyingi za majengo ya kawaida walichagua bawaba. Hawakuwa wamepima kama ni bawaba kweli. Ilikuwa rahisi tu. Mimi nilichagua kinyume chao kwa sababu ile ile: ilikuwa rahisi. Kwao kalamu ilikuwa inachoka, kwangu programu ilikuwa imejichagulia.

Mwaka wa 1917, katika Chuo Kikuu cha Illinois kule Marekani, Wilson na Moore walichukua viungio vya ribiti wakavipinda na kupima vinazunguka kiasi gani. Waliona kwamba hata ribiti si ukuta. Kiungio kinapinga, lakini pia kinatoa kidogo. Mwaka wa 1930, profesa wa chuo hicho hicho, Hardy Cross, akachapisha njia ya kuhesabu fremu zilizokazwa kwa hatua ndogo ndogo za kalamu, na ghafla mhandisi yeyote akaweza kuhesabu fremu kubwa bila kulia. Lakini hata hesabu ya Cross, kama programu yangu, inaanza baada ya wewe kusema kiungio ni cha aina gani. Ukidanganya mwanzo, inakuhesabia uongo wako vizuri sana.

Sasa tuingie kwa mtu wa leo. Anaitwa John Baker.

Mwaka wa 1929 Uingereza iliunda kamati ya utafiti wa majengo ya chuma, na Baker ndiye aliyekuwa ofisa wake wa kiufundi. Kamati ilifanya jambo ambalo nalipenda. Walienda kwa majengo halisi yaliyokuwa yanajengwa London, ikiwemo hoteli, wakabandika vipimo kwa chuma, na kusoma chuma kinabeba nini kweli. Halafu wakalinganisha na karatasi za hesabu.

Havikulingana. Viungio ambavyo karatasi ilisema ni bawaba vilikuwa vinabeba nguvu ya kupinda. Nguzo ambazo karatasi ilisema zinabeba uzito wa kushuka tu zilikuwa zinapindwa pia. Jengo lilikuwa linasimama, lakini si kwa sababu ambazo mhandisi aliziandika.

Katika kazi hiyo hiyo ya kamati, Batho na Bateman walichunguza bolti. Ripoti yao ya 1934 ilionyesha kwamba bolti ya chuma chenye nguvu ikikazwa vya kutosha, vyuma viwili vinabanana hadi visiteleze. Hapo bolti haizuii kwa ubavu wake kama msumari. Inabana, na msuguano kati ya vyuma ndio unafanya kazi. Wazo hilo ndilo lililokuja kuzaa bolti za nguvu, ambazo Wamarekani waliziandikia kanuni ya kwanza mwaka wa 1951, na hizo ndizo zilizoiondoa ribiti kwa ujenzi.

Ili uone uzito wa hiyo "isiteleze", fanya hesabu hii na mimi. Tundu la bolti huwa kubwa kuliko bolti. Kwa bolti ya M16 tundu la kawaida ni milimita 18, la sivyo hutaweza kuifunga uwanjani. Sasa chukua kiungio chenye bolti mbili zilizo umbali wa milimita 100. Bolti hazijakazwa vizuri. Upande mmoja ukiteleza milimita 1 huku, na mwingine milimita 1 kule, kiungio kimezunguka kwa uwiano wa 2 kwa 100. Peleka hiyo hadi mwisho wa nguzo ya mita 4: ni milimita 80. Sentimita nane za kuegemea, na chuma chenyewe bado hakijaanza kupinda hata kidogo. Hiyo ilikuwa steji yetu. Kwa programu yangu, hizo sentimita nane zilikuwa sufuri.

Kamati ilimaliza kazi mwaka wa 1936, na ikatoa njia mpya ya kuhesabu inayokubali kwamba kiungio si bawaba na hakijakazwa kabisa, ni kitu cha katikati, kama springi. Ilikuwa sahihi zaidi. Lakini ilikuwa ngumu, na wenye kazi karibu wote waliiacha. Miaka saba ya kupima, halafu watu wanarudi kwa kile rahisi.

Baker angeweza kununa. Badala yake aligeuza swali. Wakati huo alikuwa profesa Bristol. Aliona kwamba ukijaribu kujua kila kiungio kinabeba nini hasa, hutamaliza, kwa sababu kila fundi anakaza tofauti, na kila jengo linakaa tofauti. Kwa hivyo usiulize tu, "Chuma kinabeba nini leo?" Uliza pia, "Kikizidiwa, kitakufa vipi?" Chuma laini kikizidiwa hakivunjiki kama kioo. Kinapinda, kinaendelea kupinda, na kila kinapopinda kinameza nguvu. Ukiunda fremu ili ipinde bila kukatika, haijalishi sana kama kiungio kilikuwa hivi ama vile mwanzoni.

Halafu vita ikaja, na wazo lake likaingia sebuleni.

Septemba 1940 ndege za Ujerumani zilianza kupiga London usiku baada ya usiku. Serikali ilikuwa tayari imegawa kimbilio cha Anderson: mabati yaliyopindwa, yamefungwa kwa bolti, yamezikwa nusu kwa bustani na kufunikwa udongo. Kilisaidia. Lakini kulikuwa na baridi, maji yalijaa ndani, na watu wengi mjini hawakuwa na bustani. Ukikaa kwa nyumba za kupangana kama hizi zetu, utazika bati wapi?

Kwa hivyo mwaka wa 1941 kikaja kimbilio cha ndani ya nyumba. Kikapewa jina la waziri Herbert Morrison, lakini aliyekiunda ni Baker. Ilikuwa fremu ya chuma yenye umbo la meza: urefu kama mita 2, upana kama mita 1.2, urefu wa kwenda juu kama sentimita 75. Juu bamba la chuma, pembeni nyavu za waya. Mchana mnakulia chakula juu yake, usiku mnalala chini yake.

Na ililetwa kwako ikiwa vipande. Vipande 359 pamoja na bolti na nati, na vifaa vitatu vya kuifungia. Hukuletewa mhandisi. Baba, mama, jirani, mnapiga magoti mnafunga wenyewe. Kufikia mwisho wa 1941 zilikuwa zimegawanywa kama nusu milioni, na familia za kipato cha chini hazikulipa.

Fikiria kazi ya Baker hapo. Yeye ndiye mtu aliyepima viungio vya majengo yaliyojengwa na mafundi wa kulipwa akakuta havilingani na karatasi. Sasa viungio vyake vitakazwa na watu nusu milioni ambao hawajawahi kushika spana, usiku, wakiwa na hofu. Angesema, "Tuchukulie zote zimekazwa kabisa," kama mimi, watu wangekufa.

Hakusema hivyo. Aliuliza kimbilio litauawa na nini. Jibu: kwa nyumba nyingi, si bomu kukupiga kichwani. Ni nyumba yako mwenyewe kukuangukia, ghorofa ya juu kushuka juu ya ya chini. Basi meza haihitaji kubaki bila mkunjo. Inahitaji kumeza nguvu ya ghorofa inayoshuka, na kubakisha nafasi ya mtu aliyelala. Baker aliipa nafasi ya kushuka hadi inchi 12, kama sentimita 30, na ilipokuwa inapinda ilikuwa inafanya kazi yake. Meza iliyopindika vibaya asubuhi ilikuwa meza iliyofaulu.

Je, ilifaulu kweli? Walichunguza nyumba 44 zilizoharibiwa vibaya, ambazo watu 136 walikuwa ndani ya kimbilio hicho. Watatu walikufa, 13 waliumia vibaya, 16 waliumia kidogo. Yaani 120 kati ya 136 walitoka bila majeraha makubwa, kutoka kwa nyumba zilizowaangukia. Na baadhi ya walioumia vibaya, meza yao ilikuwa imewekwa mahali pasipofaa.

Uingereza hiyo hiyo, vita hiyo hiyo, kulikuwa na mtu mwingine aliyekuwa na shida ya kufunga na kufungua: Donald Bailey, na daraja lake. Hili unaweza kuwa umeliona hata hapa Kenya, mafuriko yakibeba daraja halafu linawekwa la paneli za chuma. Kila paneli ina urefu wa kama mita 3, inabebwa na wanaume sita, na paneli mbili zinashikana kwa pini. Pini ina nafasi kidogo ndani ya tundu, lazima, la sivyo haiingii. Nafasi hizo zikijumlishwa kwa paneli nyingi, daraja linabonyea katikati hata kabla gari halijapanda. Wahandisi wa madaraja hayo hawajifanyi nafasi hiyo haipo. Wanaihesabu.

Na kuna upande mwingine wa stori, ambapo hakuna aliyehesabu kiungio. Tarehe 17 Julai 1981, mjini Kansas City, Marekani, watu walikuwa wanacheza dansi kwenye ukumbi wa hoteli ya Hyatt Regency. Juu yao kulikuwa na vijia vya kupitia vilivyoning'inizwa kwa fito za chuma, kimoja juu ya kingine. Mchoro wa kwanza ulikuwa na ufito mmoja mrefu unaopita kijia cha juu hadi cha chini. Wakati wa kutengeneza, ukabadilishwa kuwa fito mbili fupi: kijia cha chini kikaning'inia kwa boriti ya kijia cha juu. Kwa macho ni kitu kile kile. Lakini nati iliyo chini ya boriti ya juu, iliyokuwa ibebe kijia kimoja, sasa ikabeba viwili. Mabadiliko yalipitishwa, na hesabu ya kiungio hicho haikufanywa. Usiku huo nati ilipenya boriti. Watu 114 walikufa na zaidi ya 200 wakaumia.

Uchunguzi ulionyesha kwamba hata mchoro wa kwanza haukufikia kiwango kilichotakiwa na sheria ya jiji. Yaani kiungio hakikuwa na mwenyewe tangu mwanzo. Kila mtu alidhani ni cha mwingine.

Niliposoma hiyo nilifunga kompyuta nikaenda nje kidogo.

Kwa sababu steji yetu ilikuwa hivyo hivyo. Mimi nilidhani kukaza ni kazi ya wafungaji. Wafungaji walidhani karatasi ya kijani imeshasema ni salama. Mwenye kazi alidhani sisi wote tunajua. Na bolti mbili zilikuwa kwa nyasi.

Leo kanuni za Ulaya za chuma, Eurocode 3, zina sehemu nzima ya viungio, na zinavigawa vitatu: bawaba, kilichokazwa, na cha katikati. Programu nzuri zinakuruhusu kuweka springi pale, uipe ugumu wake. Kwa hivyo kifaa kipo. Lakini fremu ya kufungua na kufunga ina shida ya ziada ambayo programu haiwezi kuijua: kila Ijumaa ni jengo jipya. Tundu limepanuka kidogo, nyuzi zimelika, rangi imewekwa pale vyuma vinapobanana ikapunguza msuguano, na bolti ya leo si ya wiki jana. Springi uliyoiandika mwezi wa kwanza haiko tena mwezi wa sita.

Basi nikafanya kile ningefanya tangu mwanzo. Nikafungua modeli yangu ya zamani, nikageuza kila kiungio kuwa bawaba, kana kwamba bolti zote zimelegea. Nikabonyeza. Programu ikakataa kuhesabu. Ikasema muundo haujatulia. Nguzo zimekaa kwa vibao juu ya ardhi, boriti ni bawaba, hakuna kinachozuia fremu kuegemea. Kwa programu, hiyo haikuwa steji. Ilikuwa vyuma vilivyopangwa.

Hiyo ndiyo picha ningempa mwenye kazi siku ile, badala ya kijani.

Halafu nikaongeza fito za mshazari, zile zinazopita kona hadi kona, pande zote. Nikaacha viungio vikiwa bawaba. Ikahesabu. Ikasimama. Sasa bolti zikicheza kidogo, fito ndizo zinazuia, na steji haitegemei tena kama kijana wa usiku alikaza vizuri. Ndiyo njia ya Baker kwa lugha ya mtaa: usichokijua, usikiwekee uzito wa watu.

Nikampelekea mwenye kazi. Akaangalia karatasi mpya, akasema wateja wanapenda ile ya rangi ya kijani. Tukabishana. Nikamwambia sirudi kazini mpaka ya zamani itoke kwa folda. Mwishowe alinunua fito za pande mbili, za nyuma na za kulia, akasema zingine mwezi ujao. Mwezi ujao ukifika nitamkumbusha. Kabla ya hapo hakuna mtu anapanda upande wa kushoto, na nimeandika hivyo kwa karatasi, kwa kalamu nyekundu, na sahihi yangu chini.

Mwenzangu aliyevunjika alirudi kazini. Mkono haunyooki vizuri, kwa hivyo habebi tena. Amepewa ndoo ya bolti. Zinatoka zikihesabiwa, zinarudi zikihesabiwa, na kiungio kisichotimia nne anakifunga kitambaa chekundu, na hakuna mtu anapanda mpaka akitoe.

Jumamosi iliyopita alitufanya tukae saa nzima kwa sababu ya bolti moja. Watu walilalamika. Mimi nilienda kuitafuta na tochi ya simu.